Sahani na miguu: kupunguza uzito ukiwa mtu wa kukaa ofisini hapa Moshi

Kabla hujalipia jimu na kabla hujaapa kwamba ugali basi, nenda jikoni kwako chukua dumu la mafuta ya kupikia, lile la lita 5, chukua na makapeni uandike pale ubavuni tarehe uliyolifungua. Hiyo ndo hatua ya kwanza. Usibadilishe kitu, pikeni kama mnavyopikaga siku zote, alafu siku likiisha andika tarehe tena uhesabu limekaa siku ngapi.

La kwetu lilikaa siku 24. Tupo wanne, mimi na mume wangu na watoto wawili ambao washakuwa wakubwa wanakula kama sisi. Nikakaa na kalkuleta ya simu: lita 5 za mafuta ni kama kilo 4.6, kila gramu ya mafuta ina kalori 9, jumla inakuja kalori elfu 41 na kitu, gawa kwa watu wanne, gawa kwa siku 24, kila mmoja wetu alikuwa anaingiza kalori 430 hivi za mafuta matupu kila siku, na hapo sijahesabu chapati na chipsi za kununua nje. Na mafuta hayo huyaoni wala hukumbuki kama umeyala, mtu anakwambia mi jana nilikula mchicha tu na ugali kidogo, na ni kweli alikula mchicha, ila mchicha wenyewe ulikuwa unaelea.

Acha hiyo tarehe hapo kwenye dumu, tutairudia.

KWANINI SAHANI NA MIGUU

Mi ni mhasibu, nakaa Rau, ofisi iko mjini, naingia saa 2 asubuhi natoka saa 11 jioni na katikati hapo kutwa nzima nimekaa. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kilo 91 na urefu wangu ni mita 1.62, presha nilipimwa nikaambiwa 150 kwa 95, magoti yanauma nikishuka ngazi, na kila nikienda nyumbani naambiwa nimenawiri, mjini pananikubali.

Mama yangu mzazi yuko Kibosho. Enzi zake alikuwa anashuka na mkungu wa ndizi kichwani mpaka soko la Mbuyuni, anauza, alafu anarudi na unga na chumvi na mafuta ya taa, njia nzima ni kupanda, akifika anakata majani ya ng'ombe na jioni bado anachota maji. Usiku anakula bakuli la kiburu (ndizi na maharage) limejaa, au ng'ande (mahindi na maharage), anashiba analala, na kitambi hajawahi kuwa nacho mpaka leo. Mi nimekulia kwenye lile bakuli. Nilivyokuja mjini nikaendelea nalo saizi ileile, nikaongezea mafuta, soda, chapati za asubuhi, alafu mlima wote nikautoa, kwenda ofisini bodaboda, kurudi bodaboda. Ndo maana nikimsikia mtu anasema ndizi zinanenepesha au chakula chetu cha asili ni kibaya naumia, mana kile chakula kilikuwa na kazi yake na kazi ndo tumeiacha.

Nilijaribu kurekebisha upande mmoja mmoja, yote ikagoma. Kwanza nikajibana kula tu, asubuhi chai kavu, mchana tunda, usiku mboga za majani, wiki 6 nikapungua kilo 7, kila mtu ananiuliza naumwa nini, nikipanda ngazi ya ofisini natetemeka. Nilipoanza kula kawaida zilirudi zote na mbili juu. Baadae ndo nikaelewa kwamba ukipunguza chakula kwa nguvu vile alafu misuli huifanyishi kazi, mwili haupunguzi mafuta peke yake, unakula na misuli, na misuli ndo inayotumia chakula hata ukiwa umekaa, kwahiyo ukirudi kula kama zamani unakuta mwili wako sahivi unatumia kidogo kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza.

Mwaka uliofuata nikaenda upande wa pili. Unajua hapa Moshi ikifika Januari kila mtu anakimbia kwasababu ya Kilimanjaro Marathon, nikajiandikisha zile kilomita 5, nikafanya mazoezi wiki 7 kwa moyo wangu wote, siku yenyewe nikamaliza pale uwanja wa Ushirika nikalia kwa furaha, kwenda kwenye mzani kilo ni zilezile. Ukweli ni kwamba kila nikitoka kukimbia nilikuwa napitia supu na chapati mbili, najiambia nimeshachoma. Mtu mwenye kilo 80 au 90 akitembea au kukimbia kilomita moja anatumia kalori kama 60 hadi 90 hivi. Chapati moja ya kusukuma iliyopikwa na mafuta inafika 250 mpaka 300. Yaani chapati mbili zinafuta kilomita zote ulizokimbia na zinabaki chenji.

Kwahiyo kila hatua humu chini nimeiweka inagusa vyote viwili, sahani yaani chakula na miguu yaani mazoezi, ukichukua upande mmoja ukaacha mwingine nakuomba ujue mapema kwamba utarudi ulipotoka.

PIMA VITATU UANDIKE

Uzito, kiuno, presha. Daftari la shule la kawaida linatosha.

Uzito pima Jumatatu asubuhi umeshatoka chooni na hujanywa chai, mzani uleule kila wiki, na usipime kila siku mana maji tu na chumvi vinapandisha na kushusha kilo moja mpaka mbili, na sisi wanawake kuna wiki ya hedhi mwili unashika maji, ukipima siku hiyo utakata tamaa bure. Chukua kilo zako gawa kwa urefu wako wa mita, jibu ligawe tena kwa urefu uleule, utapata ile namba ya BMI. Kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25 uko vizuri, 25 kwenda juu umezidi, 30 na kuendelea huo ni unene uliopitiliza. Yangu ilikuwa 34.7.

Kiuno mi naona ni muhimu kuliko hata hiyo namba. Tumia tepu ya fundi cherehani, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani. Mwanamke ukizidi sentimita 80 anza kuangalia, 88 hatari imekuwa kubwa, mwanaume ni 94 na 102. Mafuta ya tumboni ndo yanakaa karibu na ini na viungo vya ndani, ndo yanahusiana sana na kisukari na presha, na kuna watu wembamba miguu na mikono ila tumbo liko mbele, hao mzani utawadanganya, tepu haidanganyi.

Presha kapime kituo chochote cha afya au duka la dawa wenye mashine. Na hapa sikiliza vizuri, kama unatumia sindano za insulini au vidonge vya sukari, au dawa za presha, usianze kupunguza chakula na kuongeza mazoezi kabla hujaongea na daktari wako, mana dozi uliyopewa ilipangwa kwa mwili wa zamani na ulaji wa zamani, sukari inaweza ikashuka ghafla ukiwa barabarani peke yako. Mjamzito, anayenyonyesha, mtu anayebanwa kifua akitembea, hao pia waanzie hospitali. Na mtu anayekonda bila kufanya chochote asifurahie, akapime.

JIKONI

Rudi kwenye dumu. Sheria yetu nyumbani sahivi ni hakuna kumimina mafuta kutoka kwenye dumu, yanapimwa kwa kijiko kile cha kulia chakula, na kijiko kimoja kikijaa ni kalori kama 120.

Ngoja nikueleze ninavyopika mnafu mana hapa ndo wengi wanashindwa wanasema mboga bila mafuta haina ladha. Sufuria iwe imepata moto kwanza, weka kijiko kimoja cha mafuta, tupia vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba na chumvi kidogo palepale, chumvi inafanya kitunguu kitoe maji yake. Funika. Kikianza kushika chini usiongeze mafuta, nyunyiza maji kama vijiko viwili, geuza na mwiko, kitaachia chini na rangi yote ya kahawia itaingia kwenye mboga, na hiyo ndo ladha unayoitafuta. Nyanya, kitunguu swaumu, funika tena mpaka nyanya ivurugike, ndo unaweka mnafu ulioshauchemsha kidogo ukamwaga maji ya kwanza ya uchungu, mwishoni maziwa nusu kikombe. Watu wanne kijiko kimoja. Mume wangu hakujua kama nimepunguza kitu mpaka nilipomwambia wiki ya tatu. Dumu letu sasa linakaa siku 48 mpaka 50, na hela iliyobaki inanunua mayai.

Sukari ndo ya pili. Nilikuwa nakunywa chai vikombe vinne kwa siku vijiko vitatu kila kimoja, hiyo ni gramu 48, na Shirika la Afya Duniani wanasema sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000 na ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi, yaani chai peke yake ilinimalizia siku. Soda ya nusu lita moja ina gramu 50 na kidogo, vijiko kumi na mbili. Usiache ghafla, toa nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea, mi sahivi ni vikombe viwili kijiko kimoja kimoja na tangawizi nyingi, nikipewa chai ya kwenye sherehe nashindwa kuimaliza.

Sahani yenyewe: nusu mboga za majani na kachumbari, robo maharage au nyama au samaki au dagaa au mayai, robo iliyobaki ndo ugali au wali au ndizi, kwa ukubwa wa ngumi yako. Na hapo kwenye ndizi watu wa Kilimanjaro na Arusha tuambiane ukweli, ndizi ya kupika ni wanga sawa na ugali, ikiwa mtori au machalari ule kama ndo chakula chenyewe, usiweke na wali pembeni. Angalia sahani ya harusi zetu, pilau, wali mweupe, ndizi nyama, chipsi, tambi, alafu kipande cha kuku na kachumbari kijiko kimoja, wanga wa aina tano kwenye sahani moja. Chagua mmoja unaoupenda kuliko yote ule huo kwa raha.

Dona ni bora kuliko sembe, kalori zinakaribiana ila dona ina pumba na kiini chake, inakaa tumboni muda mrefu, saa 10 jioni hutafuti andazi. Parachichi ni zuri sana na kwetu yamejaa ila lina mafuta, nusu inatosha kwa mlo. Maharage usiyaache kamwe, ni protini ya bei rahisi na yanashibisha.

Pombe sitaki kuongea sana kila mtu na maisha yake, ila bia ya nusu lita ni kama kalori 200, na mbege ni ndizi na ulezi, ujue unakula.

MLIMA UTUMIE

Mazoezi ya kuanza nayo ni kutembea, na hata ukiniuliza baada ya mwaka bado nitakwambia kutembea. Kiasi wanachoshauri Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue haraka lakini bado unaweza kuongea, ukiweza kuimba ongeza mwendo, ukishindwa kumaliza sentensi punguza. Gawa unavyotaka, dakika 30 siku tano, au 15 asubuhi na 15 jioni, mwili hauna shida na hilo.

Mi nilianza na safari ya asubuhi. Nikaacha bodaboda ya kwenda, ya kurudi nikaibakisha kwa mwezi wa kwanza. Hela ya bodaboda ya asubuhi nikawa naitia kwenye kopo, na ndo bajeti ya matunda na dagaa. Nilikuwa natoka saa 12 na robo, muda ambao mlima bado uko wazi unaiona Kibo yote kabla wingu halijashuka, hewa ya baridi, barabarani kuna watu wa sokoni na wanafunzi, kwahiyo hata usalama upo. Viatu raba nimenunua mtumba soko la Memorial, vya ofisini viko kwenye droo ofisini. Kina dada, mkiweza tembeeni wawili wawili, upande ambao magari yanakuja mbele yenu muyaone, na nguo ya rangi inayoonekana.

Mwezi wa pili nikaanza vilima. Hapa Moshi uzuri ni kwamba ukielekea kaskazini popote ni kupanda, Barabara ya Kibosho, kwenda hospitali ya KCMC, Uru, zote. Kupanda kunafanya moyo kazi kubwa bila kukimbia na ni rafiki kwa magoti kuliko kukimbia tambarare. Kinachoumiza magoti ni kushuka, hasa ukiwa na uzito, kila hatua ya kushuka goti linapokea mzigo wote. Kwahiyo ushauri wangu kwa mtu mwenye zaidi ya kilo 85 au magoti mabovu: panda kwa miguu, shuka na daladala. Watu walinishangaa nasimamisha hiace nikiwa nimevaa nguo za mazoezi, nikawaeleza, sasa hivi kuna kina mama watatu wa mtaani kwetu tunapanda nao Jumamosi na tunashuka wote na hiace tukiwa tunaongea. Ukishapungua kilo 8 au 10 utashuka kwa miguu mwenyewe bila maumivu. Wa Arusha nyie mko juu zaidi yetu, karibu mita 1,400, na vilima mnavyo, anza taratibu tu pumzi itakuja. Shanty Town kwetu ni pazuri kwa asiyetaka kupanda, miti mingi na kivuli, hata saa 11 jioni ya Februari unatembea.

Masika ikifika barabara zikawa tope usisimame, panda na kushuka kibaraza cha nyumba yako dakika 20 huku unasikiliza redio. Nilifanya hivo Aprili nzima.

SAA ZA KUUNGANISHA

Hapa ndo pananiuma nikiona watu wanakosea, mana mazoezi wanafanya na chakula wanajitahidi ila vinapishana saa.

Njaa ya baada ya mazoezi inakuja kama saa moja baadae na inakuja kwa hasira. Ukiwa hujapanga utakula chochote kilicho karibu, na kilicho karibu mjini ni mandazi, sambusa na chipsi mayai, na sahani ya kawaida ya chipsi mayai ni kalori 700 mpaka 900, utembee zaidi ya kilomita 10 kuimaliza. Kwahiyo chakula cha baada ya mazoezi kiwe tayari kabla hujatoka nyumbani. Mi nachemsha mayai mawili usiku, naweka kwenye kopo na ndizi mbivu moja au kiazi kitamu kilichochemshwa, nikifika ofisini nakula na chai yangu, supu ya mtaani nikipita naisikia harufu tu naendelea na safari yangu.

Jioni njaa inakuja saa 10 au 11, ndo saa tunayorudi nyumbani na wauza chipsi ndo wanawasha jiko. Kula kitu kidogo saa 10 ukiwa bado ofisini, karanga za kuchoma kiganja kimoja, au mtindi, au embe. Ukifika nyumbani na njaa ya wastani utapakua kwa akili, ukifika na njaa kali utaonja kila sufuria huku unapika na hiyo huihesabu.

Baada ya chakula cha usiku toka nje tembea dakika 10 mpaka 15, hata kuzunguka nyumba. Misuli ikifanya kazi wakati sukari ndo inaingia kwenye damu inaivuta na kuitumia palepale, mwenye kisukari au anayekaribia kisukari hii ni dawa isiyo na bei. Sisi tumeifanya ni muda wa mimi na mume wangu kuongea, televisheni inabaki na watoto. Na kulala, jamani, lala masaa 7 angalau, ukilala masaa 4 au 5 tu kesho yake homoni ya njaa inapanda na ya kushiba inashuka, utatafuta sukari kutwa nzima na utajilaumu kumbe ni usingizi.

NGUVU SIKU MBILI KWA WIKI

Kutembea hakutoshi kulinda misuli, na kuanzia miaka 30 na kitu misuli inaanza kupungua yenyewe. Jumatano na Jumamosi, dakika 20, nyumbani, hamna jimu.

Kiti cha kulia chakula, kaa na uinuke bila kushika kitu mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Pushapu za ukutani, simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, mikono ukutani, shuka kifua kiguse karibu na ukuta, mara 10, mara tatu, zikiwa rahisi hamia kwenye meza, alafu kitandani, alafu chini. Ndoo mbili za lita 10 zenye maji nusu, zibebe mikono miwili mgongo umenyooka, zunguka nyumba mara tatu, kila baada ya wiki mbili ongeza maji. Lala chali, magoti juu, inua nyonga ushikilie ukihesabu mpaka tano, mara 12. Basi.

Usihangaike na mazoezi ya tumbo mia mbili kwa siku ukidhani utayeyusha nyama uzembe, mwili hauchagui kutoa mafuta sehemu unayoifanyisha mazoezi, unatoa kwa ujumla na kila mtu ana sehemu inayochelewa. Na zile chai za kupunguza tumbo nakuomba uziache. Nilinunua pakiti kwa mtu mmoja, nikaharisha siku nne, mzani ukashuka kilo mbili nikafurahi, wiki iliyofuata zimerudi zote mana yalikuwa maji, na nguvu nilikuwa sina. Mikanda ya nailoni ya kutoa jasho ni hivohivo.

HESABU YA UKWELI

Nikipiga hesabu ya kwangu: mafuta nilipunguza kama kalori 215 kwa siku, sukari ya chai 160, kutembea kilomita 5 siku tano ukiigawa kwa wiki ni kama 210 kwa siku, jumla karibu 580. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwahiyo kwenye karatasi nilitakiwa nipungue nusu kilo kila wiki. Kiukweli nilipungua wastani wa robo kilo, kilo 15 kwa miezi 14, kwasababu kuna misiba, kuna kipaimara, kuna Pasaka, na mwili ukishakuwa mdogo unatumia kidogo. Nakwambia hivi ili ukipata robo kilo usidhani umefeli. Anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi anakuuzia maji na misuli yako.

Sahivi niko 76, BMI 29, kiuno kimetoka 108 mpaka 93, bado nina safari. Ila presha ilishaanza kushuka nikiwa hata sijapungua kilo 6, mwezi uliopita ilikuwa 132 kwa 84, na hiyo inajulikana, ukipunguza asilimia 5 mpaka 10 tu ya uzito wako presha na sukari zinaanza kutulia.

Mzani ukigoma wiki tatu au nne mfululizo, usikate chakula tena haraka. Angalia tarehe ya dumu kwanza, mara nyingi kijiko kimerudi kuwa viwili bila mtu kugundua. Alafu andika siku tatu kila kitu unachoweka mdomoni pamoja na cha kuonja. Kama vyote viko sawa ongeza dakika 10 za kutembea na maji kwenye ndoo.

SHEREHE NA DESEMBA

Sherehe ya siku moja haiharibu chochote. Kula kabla hujaenda, bakuli la maharage au yai, usiende na njaa ya kutwa, chukua sahani moja, mboga kwanza, nyama, wanga mmoja, kaa mbali na meza ya chakula. Mama mkwe akikuongezea, mshukuru kwa kula kidogo mbele yake, umwombe akufungie nyingine upeleke nyumbani, anafurahi na hujamkosea heshima.

Desemba ndo mtihani, wachaga wote tunapanda nyumbani, ndafu, kisusio, mbege, nyumba hadi nyumba wiki mbili. Mwaka jana sikujinyima nilichofanya ni kutembea. Kila nilipoalikwa nilienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, kanisani kwa miguu, majani ya ng'ombe nilimkatia mama kila asubuhi, na ile njia ya zamani ya kushuka Mbuyuni nilishuka nae mara moja, polepole, alinionyesha mawe waliyokuwa wanapumzikia wakiwa na mikungu. Nikarudi mjini nimeongezeka kilo moja na nusu, zikaisha kabla ya Februari.

Ukishafika uzito unaoutaka usifunge daftari. Endelea kupima Jumatatu, jiwekee mpaka wa kilo mbili juu ya hapo, ukivuka na wiki inayofuata bado umevuka, siku hiyohiyo chukua makapeni uandike tarehe kwenye dumu.